Mwanangu katokwa na malengelenge usoni, baba yake anasema ni ugonjwa wa zinaa

Anti habari za kazi. Samahani kwa urefu, nimeandika nikafuta mara tatu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Tanga ila tupo Minnesota mwaka wa tisa sasa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16 na anacheza mieleka shuleni, mwaka wa pili huu, yuko kwenye uzito wa paundi 130 na kitu. Mwanzoni sikuelewa kabisa, nilijua ni ile ya kwenye TV ya kurushiana viti, kumbe huku ni mchezo kweli una refa na mkeka na pointi, na mtoto ameupenda mpaka masomo yamepanda maana ukifeli huchezi. Kwa hiyo nikanyamaza.

Mwezi wa kumi na mbili alirudi na kiduara mkononi, nikajua choa hicho, nikampaka ile krimu ninayotumiwaga kutoka nyumbani, ile ambayo kila mama anayo kwenye pochi, ukipaka tu kuwasha kunakata. Kikafifia. Baada ya wiki mbili kikarudi kikubwa, hata duara halionekani vizuri tena, kimekaa kama ramani na kimepanda mpaka karibu na bega.

Hilo naona dogo sasa. Alhamisi iliyopita karudi anatetemeka, homa, koo linauma, tezi za chini ya taya zimevimba upande wa kulia. Ijumaa asubuhi shavu la kulia mpaka karibu na sikio limejaa vipele vya maji, vimekaa kwa mafungu mafungu, anasema vinachoma kama kaungua. Jumamosi tukaenda kliniki, daktari akachukua majimaji kwa pamba wakapime, akatupa vidonge, alafu akasema neno moja tu nililolielewa, herpisi. Jumatatu majibu yakatoka, ni kweli.

Anti, nyumba imeingia msiba. Baba yake kasema mtoto ameanza umalaya, hamsemeshi mpaka leo Jumatano. Mama mkwe nilimtumia picha WhatsApp akasema huo ni mkanda wa jeshi, na unajua nyumbani ukishasema mkanda wa jeshi watu wanawaza nini, kwa hiyo sasa wanataka akapimwe na ukimwi. Mimi nimemtengea sahani na kikombe, anakula chumbani peke yake. Mtoto analia ananiambia mama sijawahi hata kumshika msichana mkono. Nimekuwa namsugua na dodoki na maji yenye jiki kidogo, vinaonekana vinazidi kuwa vyekundu.

Jumatatu usiku nafungua begi lake la mazoezi nifue, nakuta faundesheni yangu imo ndani na kisponji chake. Kumbe kuna mwenzake alimfundisha, mwezi wa kwanza alifunika ile ya mkononi akapita kwa refa, na Jumamosi hii kuna mashindano makubwa anataka kufunika na uso. Kocha anataka fomu ya daktari. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka miwili na ana pumu ya ngozi, anampenda sana kaka yake, kutwa anamrukia.

Nimuamini nani? Atawaambukiza wenzake wa nyumbani? Au nimtoe tu kwenye huu mchezo yaishe?

Mama Mieleka, Minnesota

*

Mama Mieleka, pole sana, nakujibu leo leo kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Naanza na mzee, na naomba hii sehemu umsomee kwa sauti. Baba, mtoto wako hajafanya unachofikiria. Kirusi kinachotoa malengelenge usoni kwa wacheza mieleka kinaitwa herpisi simpleksi aina ya 1, na ndo kile kile cha vidonda vya mdomoni, vile ambavyo ukitoka kuumwa malaria vinakutoka pembeni ya mdomo na watu wanakwambia usijali ni homa inatoka hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wa chini ya miaka 50 walionacho wanazidi bilioni 3.7, wengi wao walikipata wakiwa watoto, kwa kubusiwa na bibi au kwa kulamba kijiko cha mama. Mimi ninacho. Inawezekana kabisa na wewe baba unacho. Ila kwa kuwa daktari alitamka herpisi na hakukaa kueleza, kila mtu akakimbilia kwenye lile tangazo la magonjwa ya zinaa lililobandikwa ukutani kliniki miaka hiyo.

Sasa kwa nini kimtoke shavuni? Mwombe mwanao akuonyeshe wanavyosimama wakianza. Wanashikana shingo, kichwa kwa kichwa, shavu limegandamizwa kwenye shavu la mwenzake, jasho linatiririka, vindevu vya miaka 16 vinakwaruza kama msasa, na wanakaa hivyo dakika nzima wakisukumana. Ngozi ikichubuka hata kidogo tu kirusi kinaingia. Ndo maana huu ugonjwa unatoka zaidi kichwani, usoni, shingoni na mikononi, na mara nyingi upande ule ule mchezaji anaopenda kuegemeza. Madaktari wameupa hadi jina la Kilatini linalomaanisha herpisi ya wapiganaji wa kale wa Roma, yaani unajulikana zamani, mwanao hakuuanzisha.

Na hapo hapo Minnesota mlipo ndo kwenye historia yake. Mwaka 1989 kulikuwa na kambi ya mieleka ya wiki nne ya vijana wa sekondari, katika wachezaji 175 waliopata walikuwa 60. Mwaka 2007 uliwatoka vijana 24 kutoka timu 10, wakasimamisha mieleka ya sekondari jimbo zima kwa siku 8. Fikiria, jimbo linalopenda mieleka hivyo, katikati ya msimu, wakafunga. Hawakuwatuhumu watoto wao umalaya, walitafuta dawa.

Mkanda wa jeshi ni kirusi kingine, kile cha tetekuwanga kinachoamka. Na ukimwona mgonjwa wake utaujua, unakaa upande mmoja kama mstari unaofuata mshipa, mara nyingi ubavuni, na hausababishwi na kugandamizana na mtu. Mama mkwe ana macho mazuri lakini picha ya WhatsApp haishindi kipimo cha maabara. Kupima ukimwi si dhambi, kila mtu apime, ila msimpeleke huyu mtoto kama adhabu.

Haya, sasa wewe. Nitakusema kidogo, usinune.

Acha jiki. Acha na dodoki. Kila ukisugua unapasua vile vipele, maji yake ndo yenye kirusi, unavisambaza kwenye shavu lile lile na kwenye dodoki, na ninavyojua nyumba zetu hilo dodoki linaning'inia bafuni na linatumika na watu watano. Litupe leo. Aoge kwa sabuni ya kawaida na mkono wake, ajikaushe usoni kwa kugusisha taulo bila kusugua, taulo hilo liende kufuliwa siku hiyo hiyo. Vidonge amalize vyote, ndo vinavyofupisha ugonjwa. Na macho, mama, macho! Asiguse shavu alafu akaguse jicho. Likianza kuwa jekundu, kuuma, kuchukia mwanga, au kipele kikatokea kwenye kope au karibu na pua, hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, kirusi hichi kikiingia jichoni kinaweza kuharibu uoni.

Yule mdogo ndo kanifanya nisimame nilipokuwa nasoma barua yako. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, ngozi yake ina nyufa, herpisi ikimpata inaweza kusambaa mwili mzima kwa haraka na ikawa hatari kweli. Kwa hiyo kwake yeye tu ndo ninakubaliana na ukali wako, kaka asimbebe, asimbusu, wasilale kitanda kimoja mpaka vidonda vyote vimekauka na magamba yamedondoka. Mtoto hataelewa, atalia, mpe tu simu aangalie katuni. Ukiona amepata homa na vipele vya maji au vidonda vidogo vinavyofanana fanana juu ya sehemu zenye pumu ya ngozi, usisubiri kesho.

Lakini sahani? Mrudishe mezani bwana. Sahani inaoshwa kwa sabuni inatosha. Vitu vya kutumiwa na yeye peke yake kwa siku hizi ni taulo, mto, wembe, mafuta ya midomo na ile chupa ya maji ambayo watoto wa timu wanapeana kama kikombe cha kahawa barazani.

Ya Jumamosi sasa. Hachezi. Najua ataumia, na wewe utaumia kumwambia. Kanuni za mieleka ya sekondari Marekani ziko wazi, herpisi ya mara ya kwanza mchezaji anakaa nje angalau siku 10 akiwa kwenye dawa, na kama ilikuja na homa na tezi kuvimba kama alivyokuwa wa kwako, siku 14. Vidonda viwe vimekauka vyote na kusiwe na kipya ndani ya saa 48. Yeye kaanza dawa Jumamosi iliyopita, Jumamosi hii itakuwa siku ya 7. Hata daktari akiwa mjomba wako hesabu haifiki. Na kufunika hakuhesabiki, wameandika kabisa kwamba kufunika ugonjwa wa kuambukiza hakumruhusu mchezaji kucheza, iwe bandeji, iwe plasta, na faundesheni ndo usiseme.

Namwelewa kwa nini alijaribu. Ukiwa na miaka 16 msimu mmoja ni maisha. Ila mwambie hivi, shavu lake Jumamosi linagandamizwa kwenye shavu la mtoto wa mama mwingine, ambaye naye labda ana mdogo wake mwenye pumu ya ngozi nyumbani. Na kuna kijana aliyempa yeye, ambaye inawezekana hata hakuwa na kidonda kinachoonekana, maana kirusi hichi kinaweza kutoka kwenye ngozi ambayo ukiitazama ni safi kabisa. Kwa hiyo asitafute mchawi, lakini kocha lazima ajue leo. Sio kesho. Wale waliofanya naye mazoezi ndani ya zile siku 3 kabla hajatoka vipele wanatakiwa wasigusane na wengine na wachunguzwe ngozi kila siku kwa siku 8, na kocha hawezi kufanya hivyo kama nyinyi mmekaa kimya kwa aibu. Mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mtoto. Sema tu, mwanangu amepimwa ana herpisi ya ngozi, ameanza dawa tarehe fulani, nani mwingine aangaliwe? Wanaisikia hii kila msimu, hatashtuka.

Hiyo fomu isikutishe pia. Ina mchoro wa mwili wa mtu mbele na nyuma, daktari anaweka alama kidonda kilipo, anaandika ugonjwa, dawa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, anasaini. Wakati wa kupima uzito refa anaangalia ngozi na anaangalia fomu. Nataka uombe na mkono uandikwe humo humo, maana una kesi mbili wewe, na unaikumbuka moja.

Turudi kwenye ile krimu ya pochi. Chukua boksi, vaa miwani, soma maandishi madogo. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi. Steroidi inakata muwasho na inashusha uvimbe haraka, ndo maana tunaipenda, lakini inalaza kinga ya ngozi pale pale na fangasi anapata uwanja. Duara linapotea, ule ukingo daktari anaoutafuta unafutika, alafu fangasi anatembea taratibu mpaka begani kama ulivyoona. Ulichokifanya wamefanya akina mama wengi tu, na mimi nikiwa nesi nyumbani nilikuwa naona kesi kama hiyo karibu kila wiki. Mwambie daktari ukweli kwamba uliipaka, usifiche, ili achukue magamba apime. Choa cha mwilini kinataka dawa ya fangasi peke yake, clotrimazole au terbinafine, unapaka na kuvuka kidogo ukingo wake, na usiache siku kilipofifia, endelea kama daktari alivyosema, wiki kadhaa hizo. Kwa sheria za mchezo ni saa 72 za dawa kabla ya kurudi, yaani siku tatu tu! Kijana alifunika mwezi mzima kitu ambacho kingemweka nje siku tatu. Kama fangasi yuko kichwani, yale mapunye, hapo krimu haifiki, ni vidonge na siku 14 nje, kwa hiyo mkague kichwa na wadogo zake pia, na kama kuna mashine ya kunyolea ya nyumbani mnayotumia wote isafishwe au ibadilishwe.

Halafu kuna jambo ambalo huku halisemwi sana. Picha za choa zinazobandikwa kwenye vyumba vya mazoezi ni za ngozi nyeupe, duara jekundu la kupendeza. Kwenye ngozi yetu haliwi jekundu hivyo, linakuwa la kahawia, au la kijivujivu, au jeusi kuliko pembeni, na katikati panabaki kama pamefifia. Kocha anaweza kulipita asilione, na siku nyingine akamzuia mtoto kwa kovu la zamani. Kwa hiyo wewe mama ndo jicho la kwanza, kila jioni wakati wa msimu, dakika mbili, shingo, nyuma ya masikio, mikono, mgongo. Na kama ana alama isiyoambukiza, kovu, pumu ya ngozi, alama ya kuzaliwa, daktari aiandike kwenye barua mwanzo wa msimu asije akasumbuliwa siku ya mashindano.

Umeuliza umtoe? Mimi nisingemtoa. Ningebadilisha mambo machache ya kila siku. Aoge pale pale shule baada ya mazoezi, sio aje na jasho kwenye gari mpaka nyumbani, na najua vijana wanaona aibu kuoga na wenzao, basi hata akifika aende bafuni kabla ya friji. Nguo za mazoezi zivaliwe mara moja zifuliwe, maji ya moto, zikaushwe kwenye drayeya kwa joto la juu. Lile begi ndo adui mkubwa, mtoto anatia nguo mbichi anafunga zipu analiacha kwenye buti la gari siku mbili, ukilifungua unasikia harufu ya ugali uliochacha. Lining'inizwe wazi, lifutwe ndani. Kofia ya masikio ifutwe kila siku, hiyo inakaa pale pale shavu lilipougua. Kucha fupi. Asinyoe kifua na miguu kwa urembo, kila mkwaruzo wa wembe ni mlango.

Na viatu, viatu vya mieleka visikanyage chooni wala koridoni alafu vikapanda kwenye mkeka ambao watoto wanaweka nyuso. Hapo sasa ndo pa kupeleka jiki yako, kwenye mkeka. Mkeka unafagiwa kwanza, alafu unapigwa deki na dawa ya kuua vijidudu, kabla na baada ya mazoezi. Kama wanatumia jiki ni robo kikombe kwenye galoni moja ya maji, inachanganywa upya kila siku, na inaachwa ikae unyevu dakika kadhaa badala ya kufutwa haraka haraka. Kwenye kikao cha wazazi uliza nani anapiga deki na saa ngapi. Wakikuangalia vibaya waangalie na wewe.

Ila mkeka usiutegemee kwa kila kitu. Kwa fangasi na bakteria unasaidia, herpisi yenyewe inapita zaidi ngozi kwa ngozi, hapo dawa ni kukaguana na mgonjwa kukaa pembeni.

Kirusi hakitatoka mwilini, kinalala kwenye mishipa ya fahamu, kinaweza kuamka akichoka sana au akijinyima chakula kupunguza uzito. Kikirudi huwa chepesi kuliko mara ya kwanza, na kabla ya vipele atasikia kama kuwashwa au kuchomwa chomwa pale pale shavuni. Siku hiyo hiyo aseme na aanze dawa, safari hiyo ni saa 120 nje, siku tano. Muulize daktari pia kuhusu kidonge cha kila siku cha kukizuia wakati wa msimu, wachezaji wengi wanawekewa.

Jumamosi mpeleke ukumbini akakae jukwaani na timu yake kama kocha atakubali, mbali na mkeka. Na baba aende naye.

Ile faundesheni tupa, na kisponji chake. Imeshapita kwenye choa tangu mwezi wa kwanza, na sijui kama Jumatatu hakuwa ameshaijaribu shavuni. Najua ni hela.

Anti